Uzi Mguuni mwa Korongo

Kila siku ya shule, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kusafisha koo, Sitaki alikuwa ameshafunga kamba za viatu vyake. Hilo silo jina alilopewa na wazazi. Alilipata akiwa na mwaka mmoja na nusu, kwa kuwa ndilo neno la kwanza alilolitamka vizuri, na alilitamka mara arobaini kwa siku. Maziwa, sitaki. Kuoga, sitaki. Kulala ndiyo kabisa. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina lilikuwa limemganda. Yeye mwenyewe hakulichukia. Alisema mtu asiyejua kukataa atanyweshwa hata chai ya chumvi.

Ijumaa hiyo alivaa sweta la kijivu la shangazi yake lililomfika magotini, akaitia kamera ndani ya sweta isipatwe na umande, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kamera yenyewe ilikuwa kuukuu, mali ya shangazi. Kioo chake cha nyuma kilikuwa na ufa, na kifuniko cha betri kilishikiliwa na kibana nywele. Alipita gereji, akapita kiwanda cha matofali, akafika kwenye tuta la bwawa la maji la mji. Hapo alilala kifudifudi kwenye nyasi, akaanza kutambaa.

Kazi ya kupiga picha ndege wa majini ilikuwa imemfunza adabu ambayo shangazi na walimu wote walishindwa kumfunza. Mwezi wa kwanza alipiga mikia tu. Alikuwa akifika wima, anatembea mzimamzima, na ndege wakimwona tu, hao! Wamekwenda zao ng'ambo. Baadaye akajua kutambaa, akajua kupumua polepole, akajua kulipa jua kisogo ili mwanga uwaangukie ndege. Akajua pia kwamba mwanga mzuri haumngoji mtu. Jua likichomoza hupita chinichini juu ya maji, na kwa dakika ishirini hivi kila kitu huwa na rangi ya asali. Ukichelewa, utakuta mwanga mkali mweupe, na ndege wote wanaonekana kama wamekatwa kwenye karatasi.

Asubuhi hiyo alimwona tena korongo mmoja ambaye hakuwa amemwona kwa mwezi mzima. Alimjua kwa mdomo wake, maana ncha ilikuwa imemeguka. Korongo alikuwa amesimama kwenye maji ya kina kifupi karibu na matete, akiinua mguu wa kushoto na kuudonoa. Sitaki aliivuta picha karibu. Uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, ulikuwa umeuzonga mguu juu kidogo ya vidole, na kipande kirefu kilining'inia hadi majini. Jua lilipoupiga, uzi ukang'aa wote. Sitaki akabana pumzi, akabonyeza.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na alijua hivyo hata kabla ya kuitazama. Hiyo ndiyo atakayoipeleka kwenye shindano. Idara ya maji ya mji ilikuwa imeziomba shule kumi na mbili zipeleke picha za bwawa, na mshindi angepewa kamera mpya yenye lenzi ndefu. Sitaki aliitaka kamera ile kiasi cha kuiota. Lakini asubuhi hiyo alikuwa na hamu nyingine pia. Picha ikishatundikwa kwenye ukumbi wa idara, alifikiri, watu wote watauona uzi ule, na wale wanaotupa nyuzi zao majini watakosa pa kuficha nyuso.

Alirudi mbio. Siku ya mwisho ya kupokea picha ilikuwa hiyo hiyo, na kengele ya shule haikuwa na urafiki na mtu.

"Shangazi, ni hii hapa, ya mwisho," alisema huku akivaa sare na kumkabidhi kamera kwa pamoja. "Itoe kubwa. Fomu nimeshaisaini, iko juu ya meza. Tafadhali uipeleke leo!"

"Nenda shule, mwanangu. Picha niachie mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Na kweli ilikuwa kazi yake. Shangazi ndiye aliyemlea Sitaki, na waliishi kwenye vyumba viwili nyuma ya studio yake. Studio yenyewe ilikuwa ya picha za pasipoti, za mahafali na za harusi. Ukutani palining'inia koti moja jeusi lililokwisha kuvaliwa na nusu ya wanaume wa mji. Mnene aliachiwa vifungo wazi, mwembamba alibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo, na wote walitoka wakiwa mameneja. Kisha Shangazi aliketi mbele ya kompyuta na kuanza kile alichokiita kusafisha. Alifuta chunusi, akaziba mapengo, akanyoosha kola. Bibi harusi mmoja alikuja na jicho lililovimba kwa kung'atwa na nyuki, akaondoka na picha ambayo hata nyuki mwenyewe asingemtambua. Kwa miaka kumi na minane hakuna picha iliyotoka kwake ikiwa na doa, na hilo alijivunia kuliko kitu kingine.

Basi Ijumaa hiyo Shangazi aliketi, akaitazama picha ya korongo, akasema, "Lo, mtoto huyu ana jicho!" Halafu akaona uzi.

Jumatatu Sitaki alipotoka shule alikuta nakala ya picha yake dirishani mwa studio, kubwa, ndani ya fremu. Alikaribia akitabasamu. Alipofika kwenye kioo, tabasamu likamkauka. Maji yalikuwa ya asali, mdomo ulikuwa umemeguka vilevile, lakini mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, msafi kama umetoka dukani.

Aliingia bila kusalimia.

"Shangazi, uzi uko wapi?"

"Uzi gani?"

"Wa mguuni! Korongo alikuwa na uzi!"

"Aa, ule," Shangazi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Nimemsafisha. Ulikuwa umeharibu picha nzima. Umenichukua dakika arobaini, maana ulipita mbele ya maji. Hata asante hakuna?"

"Hukupaswa kuufuta! Fomu inasema picha ipelekwe kama ilivyopigwa. Nimetia sahihi mimi!"

"Kila fomu husema hivyo. Sitaki, nisikilize. Mteja haji hapa aone chunusi zake."

"Korongo si mteja!"

"Na mimi si mtoto mwenzako wa kubishana naye," Shangazi akasema, na safari hii aliinua macho. "Kwanza nilikuwa na habari njema, umeniharibia. Idara ya maji wamepiga simu mchana. Umeshinda. Wa kwanza, shule zote kumi na mbili. Kamera utapewa Ijumaa asubuhi."

Hapo ndipo Sitaki, bingwa wa kukataa, alipokosa neno. Alikuwa na maneno mengi ya kusema na yote yalikuwa ya haki, lakini kamera mpya ilikuja ikasimama mbele ya yote. Alifikiri, ni uzi tu. Alifikiri, ndege ni yule yule, asubuhi ni ile ile, na jicho lililoona ni langu. Akala chakula chake kimya. Usiku alijigeuza kitandani mara nyingi, na asubuhi hakwenda bwawani. Jumatano na Alhamisi pia hakwenda. Alijiambia kuwa amechoka, jambo ambalo hata mto wake haukuamini.

Shuleni alibebwa juujuu. Mwalimu mkuu alimsimamisha mbele ya wanafunzi wote wakati wa gwaride. Alikuwa mtu mwema mwenye kabati la vikombe lisilo na kikombe hata kimoja, na kwa muda mrefu alikuwa akihifadhi chaki humo.

"Binti huyu," alisema, "ametutoa gizani!"

Wenzake wakampigia makofi. Sitaki aliyatazama mavumbi kwenye viatu vyake, akatamani wanyamaze.

Ijumaa uvumilivu ulimwishia. Aliamka alfajiri, akaenda. Jua lilipochomoza alimwona korongo mahali pale pale, ukingoni mwa matete. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Ule wa kushoto aliuweka juu, na ulikuwa umevimba kama kidole kilichobanwa na mlango. Ndege wengine waliruka, yeye hakuruka. Sitaki akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ajue kutambaa: akasimama wima kwenye tuta, kusudi aone kama ataruka. Korongo alifungua mabawa, akajivuta mara moja, akashindwa. Uzi ulikuwa umenasa kwenye matete.

Sitaki hakupiga picha hata moja. Alilia kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Alijaribu kumfuata, lakini matope yalimfika mapajani, na ndege alipapatika vibaya, Sitaki akaogopa kumvunja mguu. Akarudi nyumbani mbio kumwambia Shangazi. Alikuta mlango umefungwa na kikaratasi juu yake: *Nimetangulia ukumbini. Vaa vizuri!*

Ukumbi wa idara ya maji ulijaa. Picha ilikuwa imesimamishwa jukwaani kwenye kibao cha miguu mitatu. Sitaki aliingia na matope magotini, na kabla hajamwona Shangazi, mwalimu mkuu alimkamata mkono, akampeleka mbele na kumketisha. Alipojaribu kusema, mwalimu mkuu alimwambia, "Baadaye, baadaye," huku akimfuta matope kwa leso yake mwenyewe.

Aliyesimama kutangaza mshindi alikuwa daktari wa wanyama wa mji, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mpira, ambaye ndiye aliyekuwa hakimu wa shindano.

"Picha hii imenifurahisha kwa sababu nyingine pia," alisema. "Wiki tatu zilizopita tuliletewa habari ya korongo mwenye mdomo uliomeguka, amenasa uzi wa kuvulia mguuni. Nilituma watu wawili wamtafute kila jioni. Jumamosi ikanifikia picha hii. Nikaona mdomo ni ule ule, na mguu ni mzima. Nikasema, haya, amejinasua mwenyewe. Nikawaambia vijana waache kumtafuta. Kwa hiyo mshindi wetu ametupumzisha!"

Watu wakapiga makofi. Sitaki akaitwa jina lake, akapanda. Boksi la kamera liliwekwa mikononi mwake, zito, lenye harufu ya upya, na mbele ya mdomo wake kikawekwa kipaza sauti.

"Sema neno moja tu la shukrani," daktari alimnong'oneza.

Boksi lilikuwa kifuani pake. Kushukuru na kushuka ilikuwa kazi ya sekunde tatu, na hakuna mtu ambaye angejua, isipokuwa yeye na ndege.

"Picha hii si ya kweli," Sitaki alisema.

Kuna waliocheka, wakidhani ni mzaha. Mwalimu mkuu hakucheka.

"Korongo huyu ana uzi mguuni. Alikuwa nao siku niliyompiga picha. Umefutwa. Leo asubuhi nimemwona, mguu umevimba, uzi umenasa kwenye matete, na hawezi kuruka."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshafika chini ya jukwaa. "Shuka, binti," alisema kwa meno yaliyobanwa. "Tutazungumza ofisini."

"Sishuki, mwalimu. Ukitaka kuniadhibu, niadhibu, lakini nimalize kwanza."

"Unaiaibisha shule!"

"Shule itapona. Mguu wake unaoza sasa hivi!" Sauti ilimpasuka, akaivuta tena. "Nilijua tangu Jumatatu. Ningeweza kusema. Nilinyamaza kwa sababu niliitaka hii kamera. Hakuna aliyenitisha. Niliitaka tu."

Akaliweka boksi juu ya meza. Vidole havikutaka kuliachia, ikabidi avikemee kimoyomoyo.

"Nani aliufuta uzi?" daktari aliuliza.

Katikati ya ukumbi Sitaki alikuwa amemwona Shangazi, kwenye gauni lake la buluu la siku kubwa. "Fomu ina sahihi yangu," alisema.

"Mtoto huyo hajui hata kufuta ubao," sauti ilisema. Ilikuwa ya Shangazi. Alikuwa amesimama, mkoba ameubana kwapani, na uso wake ulikuwa mkali kama wa mtu anayejigombeza. "Ni mimi niliyeufuta. Yeye alikataa, nikamkaripia. Sasa mnaendelea kututazama, au kuna mtu atamtafutia ndege huyo wavu?"

Daktari hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliwaita vijana wake wawili, wakachukua wavu na taulo kuukuu, na Sitaki akatangulia kuonyesha njia. Nyuma yao walisikia tuzo ikipewa mshindi wa pili, mvulana wa shule nyingine, aliyepiga picha ya bata ameinama majini na makalio juu. Sitaki aliipenda picha ile. Angalau bata alikuwa mzima mzima.

Shangazi naye alikuja. Alivua viatu vya visigino, akavishika mkononi, akateremka tuta huku gauni la buluu likifagia matope. Walimkuta korongo amelalia matete, mabawa wazi. Vijana walimzunguka kwa wavu, daktari akamtupia taulo kichwani na kumshika mdomo, kwa maana mdomo wa korongo ni mkuki. Akamkalisha mapajani.

"Uzi umezama ndani ya ngozi," alisema. "Mikasi yangu ni minene. Nahitaji kitu chembamba."

Shangazi alifungua mkoba, akatoa kimkasi chake cha kukatia picha za pasipoti. Hakusubiri kuombwa, akapiga magoti kwenye tope. Hakuna mkono uliotulia kama mkono wake. Alikuwa amekata masikio ya mji mzima bila kumjeruhi hata mmoja. Alipenyeza ncha, akakata. Akapenyeza, akakata. Mara saba uzi ulitoka vipande vipande, na kila kipande alikiweka kwenye kiganja cha Sitaki.

Daktari alipaka dawa, akaupapasa mguu, akasema haujafa. "Tutakaa naye wiki mbili. Angekaa siku mbili zaidi hapa, tungeukata mguu."

Mwalimu mkuu alikuwa amefika juu ya tuta, anahema. Alimtazama ndege, akawatazama wote waliojaa matope. Alikuwa amekuja na hotuba, lakini ilionekana imempotea njiani.

"Jumatatu asubuhi, ofisini kwangu," alisema hatimaye. "Kwa kujibizana na mwalimu wako mbele za watu."

"Ndiyo, mwalimu," Sitaki alijibu. Ilikuwa haki, hakuikataa.

"Tutakuja wote wawili," Shangazi alisema kutoka kwenye tope. "Yeye ataeleza kwa nini alijibizana, na mimi nitaeleza kwa nini ilimbidi."

Daktari na vijana wake waliondoka na ndege, na mwalimu mkuu akawafuata. Shangazi na Sitaki wakabaki wameketi kwenye tuta, wakikwangua matope miguuni kwa vijiti.

"Miaka kumi na minane nimefuta madoa ya watu," Shangazi alisema. "Chunusi ukiifuta kwenye picha, haimdhuru mtu, kesho itapona yenyewe. Nikadhani kila doa ni chunusi. Hili la leo lilikuwa linaomba msaada, na mimi nikalinyamazisha kwa dakika arobaini za kazi safi. Ulinipinga, nikakwambia wewe ni mtoto. Nisamehe, mwanangu."

Sitaki hakuwa amezoea kuombwa radhi. Alivitazama vipande vya uzi mkononi mwake.

"Na mimi nilinyamaza siku nne," alisema.

"Ulinyamaza, na usijisamehe haraka. Ukweli ukicheleweshwa, kuna mtu mahali fulani anaulipia. Safari hii alikuwa ndege. Safari nyingine atakuwa mtu."

"Shangazi."

"Naam."

"Bado naitaka ile kamera. Naitaka sana."

Alitegemea kukaripiwa. Shangazi alimfuta machozi kwa kiganja, akamwachia tope jipya shavuni.

"Itake tu, mama. Kuitaka si kosa, na mwenye kukwambia hukuumia kuiacha anakudanganya. Uaminifu haukuzuii kutamani. Unakuzuia kuchukua kisicho chako, hata kikiwa kimeshawekwa mikononi mwako na watu wote wanapiga makofi."